Nyumba ya Hurumzi na Gharama ya Chokaa

Ukitoka Forodhani, ukaipita Beit al-Ajaib na kuingia katika vichochoro vya Mji Mkongwe wa Unguja, haichukui muda kufika mtaa wa Hurumzi. Chini kuna maduka ya kanga, viungo na vinyago. Juu yake zinapanda kuta nene za mawe, na kati ya kuta hizo ipo nyumba namba 236, ndefu kuliko majirani zake wote. Inatajwa kuwa ya pili kwa urefu katika Mji Mkongwe baada ya Beit al-Ajaib yenyewe. Katika karne ya 19 yalikuwa makazi na ofisi ya tajiri Tharia Topan. Leo ni hoteli ndogo ya kifahari. Barazani, nyumba za namna hii huzua ubishi usiokwisha: huyu atasema hoteli imeiokoa, yule atasema hoteli imewapokonya wenyeji mji wao. Kwa maoni yangu, ubishi huo unaanzia mahali pasipo pake. Nyumba ya mawe ya Unguja huangushwa na maji. Kinachoizuia isianguke ni kuwapo kwa mtu mwenye sababu na uwezo wa kupanda juu kila mwaka kabla ya masika, akaliangalia paa na kuziba palipopasuka. Hoteli ndogo humpa mtu sababu hiyo na fedha zake. Hilo ndilo linaloihalalisha, na hilo pia ndilo linalopaswa kuiwekea mipaka.

Tharia Topan alizaliwa Kutch, magharibi ya India, mwaka 1823, akafika Unguja angali kijana mdogo. Alikuwa Khoja Ismailia. Alianza na kazi ndogondogo katika biashara za Wahindi waliomtangulia, na kufikia zama za Sultani Sayyid Barghash alikuwa mmoja wa watu wenye fedha nyingi zaidi katika mwambao wote. Mwaka 1876 aliikodi forodha ya Sultani. Utaratibu wa siku zile ulikuwa hivi: mfanyabiashara humlipa Sultani kiasi walichokubaliana kwa mwaka, kisha ushuru wote unaokusanywa bandarini unakuwa wake, faida yake na hasara yake. Aliyeshika forodha alijua kila pembe ya ndovu iliyotoka bara, kila gunia la karafuu na kila jora la merikani lililoshushwa. Tharia alikuwa pia mkopeshaji wa misafara. Mfanyabiashara wa misafara Tippu Tip, katika maisha yake aliyoyasimulia mwenyewe kwa Kiswahili, anamtaja kama tajiri aliyemkopesha bidhaa za kwendea bara. Malkia Victoria alimpa Tharia cheo cha Sir mwaka 1890, na mwaka uliofuata alifariki.

Habari hizi zina uzito katika hoja yetu kwa sababu moja. Wengi hudhani kuwa nyumba kongwe ilikuwa mahali patulivu pa familia, ndipo biashara ikaja kuivamia. Nyumba ya Hurumzi haikuwa hivyo hata siku moja. Kama nyumba nyingi za matajiri wa Kihindi wa wakati ule, ilikuwa nyumba ya kuchuma: chini bidhaa na vitabu vya hesabu, juu watu wa nyumbani. Wageni waliingia na kutoka, wapagazi walipita na mizigo, na madeni ya watu walioko Tabora na Manyema yalihesabiwa chini ya dari lile. Anayesema kuwa nyumba hii imegeuzwa kuwa mahali pa fedha amesahau kwamba ilijengwa kwa ajili hiyo.

Fedha hizo hazikuwa safi zote. Misafara iliyokwenda kutafuta pembe ilirudi na watumwa pia, na karafuu zilizopita forodhani zilichumwa na watumwa katika mashamba ya Unguja na Pemba. Biashara ya watumwa kwa njia ya bahari ilipigwa marufuku mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe uliendelea kutambuliwa na sheria ya Unguja hadi amri ya Sultani Hamoud bin Mohammed ya mwezi Aprili 1897. Hata baada ya hapo, mtumwa alitakiwa aende mwenyewe kuomba uhuru wake, na fidia ikalipwa kwa aliyemmiliki. Wenyeji husimulia kuwa Hurumzi ndipo shughuli hiyo ilipofanyika, na kwamba hata jina la mtaa limetokana na uhuru huo. Nitalirudia jambo hili, maana ni moja ya mambo ambayo mgeni wa hoteli anaweza kulala siku tatu bila kuambiwa.

Sasa tuitazame nyumba kwa karibu. Ukuta wake ni wa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa iliyochanganywa na mchanga na udongo mwekundu, na unene wake hufikia dhiraa moja na zaidi. Chokaa ilipatikana kwa kuyachoma matumbawe kwenye tanuri la magogo, kisha ikamwagiwa maji na kuachwa muda mrefu ipoe kabla ya kutumika. Kati ya ukuta na ukuta zililazwa boriti za mikoko, karibu karibu, juu yake yakapangwa mawe madogo, halafu ikamiminwa chokaa na kokoto. Sakafu hiyo ilipigwa kwa vipande vya miti na kundi la watu waliokaa kwa mistari na kuimba, siku baada ya siku, mpaka ikashikana. Mkoko hauendi mrefu kwa kazi ya namna hii. Boriti iliyo imara huvuka nafasi ya mita tatu hivi, basi. Ndiyo maana vyumba vya Mji Mkongwe ni virefu na vyembamba, hata katika nyumba ya tajiri aliyeweza kununua chochote. Utajiri uliweza kuongeza ghorofa, milango ya nakshi, roshani na vioo vya rangi, lakini upana wa chumba ulipangwa na mti.

Ukuta wa chokaa hupitisha hewa. Mvua ikiunyeshea, unalowa na kukauka, ili mradi maji yasikae. Hatari inaanza pale paa linapovuja au mfereji unapoziba na maji yakaingia ndani ya ukuta na kutulia humo. Udongo ulio katikati ya mawe huoshwa taratibu, na vichwa vya boriti, vile vilivyofichwa ndani ya ukuta ambavyo hakuna anayeviona, huanza kuoza. Anayekaa chumbani anaiona boriti ikiwa nzima katikati, nyeusi na ngumu, asijue kuwa ncha zake zimekwisha kuwa unga. Siku moja sakafu inabonyea. Watu wenye nia njema wakija kutengeneza na saruji, mara nyingi wanazidisha ugonjwa, kwa kuwa saruji haipumui: unyevu unanaswa nyuma ya lipu ngumu, chumvi inajikusanya, na baada ya muda lipu inabanduka vipande vipande pamoja na uso wa ukuta wa zamani. Nyumba ya namna hii inataka chokaa, na inaitaka tena na tena. Gharama yake haina mwisho, na hapo ndipo tatizo lote lilipo.

Nani aliibeba gharama hiyo? Kwa muda mrefu aliibeba mwenye nyumba, kwa kuwa nyumba ilimletea pato. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 matajiri wengi wa Kiarabu na Kihindi waliondoka, nyumba nyingi zikawa mali ya serikali, na ndani yake wakahamia watu ambao hawakuwa na makazi ya maana. Hilo lilikuwa na haki yake, na sioni sababu ya kulisimulia kwa masikitiko kama wanavyofanya baadhi ya waandishi wa vitabu vya utalii. Ila nyumba iliyojengwa kwa ajili ya ukoo mmoja wenye fedha iligawanywa kwa familia nyingi zisizo nazo. Kila chumba kilikuwa na mwenyewe. Paa halikuwa na mwenyewe. Kodi ilikuwa ndogo mno hata isitoshe kununua chokaa ya ukuta mmoja. Nyumba za wakfu zilikuwa katika hali hiyohiyo: kodi za kizamani, matengenezo ya bei ya leo. Mamlaka ya kuhifadhi na kuendeleza Mji Mkongwe iliundwa mwaka 1985, na mpango mkuu wa uhifadhi ulipoandaliwa na kukamilika mwaka 1994 kwa msaada wa mfuko wa utamaduni wa Aga Khan, ilionekana wazi kuwa kati ya majengo takriban 1,700 ya mji huo, mengi mno yalikuwa yamechakaa na mengine yamekwisha kuanguka. Wakati huo watalii walikuwa bado wachache. Kwa hiyo wanaodai kuwa hoteli ndizo zilizoubomoa Mji Mkongwe wanaipa hoteli lawama ya jambo lililotokea kabla haijazaliwa.

Katika miaka hiyo ya 1990 ndipo Emerson Skeens, Mmarekani aliyefika Unguja mwaka 1989 na kuishi huko hadi alipofariki mwaka 2014, pamoja na mwenzake Thomas Green, waliifungua nyumba ya Hurumzi kuwa hoteli. Ilijulikana kwanza kwa majina yao, Emerson na Green. Siku hizi inaitwa Emerson on Hurumzi. Walichofanya kinaweza kuelezwa kwa maneno machache: waliviacha vyumba viwe vyumba. Ndani waliweka vitanda vya samadari, vioo vya rangi na mapazia mazito, na juu kabisa wakaweka sehemu ya kulia chakula, mahali ambapo mtu hukaa chini kwenye mikeka na mito akaiona bahari, minara ya misikiti, hekalu la Kihindu la mtaani na minara miwili ya kanisa la Mtakatifu Yosefu kwa mzunguko mmoja wa shingo. Baadhi ya mapambo yamezidi chumvi, na mtu wa Unguja anaweza kujiuliza ni Unguja ipi hiyo. Lakini umbo la nyumba limeheshimiwa, na halikuheshimiwa kwa bahati. Hoteli ndogo inahitaji vyumba vingi vya wastani, vyenye kuta nene zinazozuia joto na kelele, na ngazi moja ya kuviunganisha. Nyumba ya boriti ya mita tatu inatoa hicho hasa. Ukitaka kuifanya nyumba hiyohiyo ukumbi wa mikutano, ghala la kisasa au duka kubwa, lazima uvunje ukuta, na ukivunja ukuta boriti haina pa kulalia.

Kuna atakayeuliza: kwa nini isiwe makumbusho, au jengo la umma, ili wote tuingie bila kulipia kitanda? Swali hilo ni zuri, na Tharia Topan mwenyewe ametuachia njia ya kulijibu, kwani aliacha jengo jingine. Mwaka 1887, kwa kuadhimisha miaka 50 ya utawala wa Malkia Victoria, alianza kujenga karibu na bandari jumba la tiba, lenye roshani za mbao zilizochongwa kwa mtindo wa Gujarati. Hakuishi kuliona likiisha; lilikamilika mwaka 1894. Mwaka 1899 lilinunuliwa kwa mali ya Haji Nasser Nurmohamed likawa zahanati ya hisani, na ndiyo sababu hadi leo linaitwa Zahanati ya Kale. Baada ya 1964 likawa la serikali, likachakaa vibaya, hadi mfuko wa Aga Khan ulipolikarabati katika miaka ya 1990, na kazi hiyo ikawa pia shule kwa mafundi waashi na maseremala waliojifunza upya namna ya kutumia chokaa. Ni kazi ya kupigiwa mfano. Lakini tazama ilihitaji nini: taasisi tajiri ya nje, wataalamu, na miaka kadhaa. Haiwezekani kwa nyumba 1,700. Upande wa pili ipo Beit al-Ajaib, iliyojengwa mwaka 1883, jengo mashuhuri kuliko yote, lililokuwa makumbusho ya taifa, ambalo kila mwanafunzi wa Zanzibar analijua. Mwaka 2012 sehemu ya roshani yake ilianguka. Tarehe 25 Desemba 2020, ukarabati ukiwa unaendelea, upande wa mbele pamoja na mnara wa saa uliporomoka, na watu wawili wakapoteza maisha. Umaarufu, ulinzi wa sheria na hadhi ya Urithi wa Dunia ambayo Mji Mkongwe uliipata mwaka 2000 havikulitosha. Simaanishi kuwa makumbusho hayafai. Jengo la umma linafaa pale umma unapokuwa tayari kulihudumia kila mwaka, na kwa nyumba za kawaida za mitaani hatujawahi kuonyesha utayari huo.

Pingamizi zito zaidi la kiufundi hutajwa mara chache, nalo ni vyoo. Nyumba ya Tharia Topan haikujengwa ili kila chumba kiwe na bomba, bafu na choo chake. Hoteli inavitaka vyote. Kila bafu linaloongezwa ghorofa ya tatu ni maji yanayopita juu ya boriti na ndani ya ukuta wa chokaa, na bomba moja linalovuja polepole nyuma ya vigae linaweza kufanya kwa miaka mitano kile ambacho mvua ingefanya kwa ishirini. Hoteli isiyo makini inaweza kuwa mwuaji wa nyumba inayojisifu kuiokoa. Jibu lake lipo, ila linagharimu: mabomba yapitishwe mahali yanapoonekana na kufikiwa, mabafu yapangwe moja juu ya jingine katika upande mmoja wa nyumba, na idadi ya vyumba isizidi kile ambacho kuta zinakibeba. Mwekezaji anayetaka kutoa vyumba arobaini mahali pa kumi na tano hapaswi kupewa kibali, hata akija na ramani zenye picha za kuvutia. Ukubwa ndio unaobadilisha hesabu. Jumba la Mambo Msiige kule Shangani, la katikati ya karne ya 19, liliingizwa katika hoteli kubwa iliyofunguliwa mwaka 2015, na kwa kuwa jumba peke yake halikutosha, jengo jipya lilisimamishwa kando yake ufukweni. Kamati ya Urithi wa Dunia ilieleza wasiwasi wake juu ya ukubwa huo. Haishangazi: hoteli ya aina hiyo haiwezi kuishi ndani ya vipimo vya boriti.

Halafu kuna wenyeji. Hapa ndipo hoja yangu inapobanwa zaidi, na sitaki kuikwepa. Nyumba ikiwa hoteli, kibaraza chake kinabaki lakini hakuna tena bibi anayekaa pale jioni, watoto hawatumwi dukani kutoka mlango ule, na msiba ukitokea mtaani hakuna wa nyumba ile wa kwenda kuhani. Nyumba kumi zikiwa hoteli katika mtaa mmoja, muuza mkaa anahama, chuo cha Kurani kinapungukiwa watoto, msikiti unabaki na safu moja. Bei za nyumba zinapanda, na warithi wanane waliokuwa wakigombana juu ya nyumba ya babu wanapatana siku moja kwa sababu amekuja mnunuzi mwenye dola. Haya yote ni kweli. Hata hivyo, dawa yake haiwezi kuwa kuwaacha watu wakae chini ya dari linalobonyea kwa jina la kuulinda uhai wa mji. Familia nyingi zilizotoka Mji Mkongwe zilitoka kwa kuhofia kuta zao wenyewe, na hakuna mwekezaji aliyewafukuza. Kinachofaa ni kuweka ukomo kwa kila mtaa, ukifika hapo umefika, na kuchukua kodi ya hoteli zilizopo ili itengeneze nyumba wanamoishi watu. Hoteli ya Hurumzi inauza mandhari ya mapaa ya majirani. Ni haki sehemu ya fedha hiyo iende kuyaziba mapaa hayo.

Na kuna suala la historia, lile nililoahidi kulirudia. Hoteli hupenda kusimulia masultani, viungo na mabinti wa kifalme. Ni hadithi tamu, nayo ni sehemu ya kweli. Lakini nyumba iliyojengwa kwa ushuru wa pembe na mikopo ya misafara, katika mtaa unaohusishwa na fidia iliyolipwa kwa wenye watumwa, ina wajibu wa kusema hivyo waziwazi, kwa Kiswahili na kwa lugha za wageni, kwenye ukuta ambao kila anayeingia atauona. Wapo wanaohofu kuwa mgeni atachukizwa. Wageni hao hao huenda Mkunazini kwa miguu yao kuona mahali palipokuwa soko la watumwa, wakatoka wamenyamaza na wakashukuru kwamba wameambiwa. Kuficha ni kumdharau mgeni na kumdharau zaidi yule Mzanzibari ambaye babu yake aliubeba mzigo ulioijenga nyumba.

Kwa hiyo ningependa kuona mambo haya yakiwekwa katika sharti la leseni. Ukarabati uwe wa chokaa, saruji isiguse ukuta wa zamani. Paa na vichwa vya boriti vikaguliwe kila mwaka kabla ya masika, na ripoti ikae kwa Mamlaka, mahali mwananchi anaweza kuisoma. Fungu maalumu la kodi ya hoteli za Mji Mkongwe liende moja kwa moja kwenye nyumba za wakfu na za serikali zenye wapangaji, na litumike pia kuwalipa vijana wanaojifunza uashi wa chokaa, kwa sababu mafundi wanaoijua kazi hiyo vizuri ni wachache na umri wao unakwenda. Hakuna kati ya haya linaloshinda uwezo wa Zanzibar, nchi ambayo sehemu kubwa ya uchumi wake sasa inategemea utalii.

Na wewe uliyerithi nyumba Malindi, Sokomuhogo au Kajificheni, ukijiwa na mtu anayetaka kuikodi aifanye hoteli, usianze na bei. Muulize kwanza atajengea chokaa au saruji, mabomba yatapita wapi, na ni nani atakayepanda kuliangalia paa mwezi Februari kila mwaka. Majibu yaandikwe kwenye mkataba, na kabla hujatia sahihi, mlete fundi mwashi mzee akague vichwa vya boriti.